Kusuka transfoma ya ferraiti ya kilowati 2 kwa ajili ya inveta: kuanzia hesabu mpaka kuwasha

Wakuu, watu wengi wanaojenga inveta za sola wanahangaika na mosfeti (swichi za elektroniki), na draiva (saketi ya kuziwasha na kuzizima), na kori (kiini cha ferraiti, yaani seramiki ya sumaku) ipi orijino ipi feki, alafu ikifika kwenye transfoma yenyewe wanaisuka kama wanavyosuka mota, yaani waya mnene, mwingi kadri unavyoingia, basi. Ikiwashwa inachemka, vanishi inanuka, lawama zinaenda kwa muuza kori. Mara nyingi kori haina kosa lolote. Kwenye 50 Hz ukiongeza shaba unapunguza joto, hilo kila fundi analijua, ila ukifika 50 kHz hesabu inageuka: shaba nene iliyokaa pabaya inachemka kuliko shaba nyembamba iliyokaa pazuri. Nitaonyesha kwa namba kabisa, maana bila namba hili jambo halieleweki.

Mfano tutakaoenda nao ni huu: betri ya 48 V, tunataka 380 V DC, hiyo ndo inaenda kwenye hatua ya pili ya kutengeneza 230 V ya sine (kilele cha 230 V ni kama 325 V kwahiyo 380 inatosha na chenji inabaki). Nguvu wati 2000. Upande wa betri ni fulbriji, yaani mosfeti nne zinazogeuza mwelekeo wa mkondo, upande wa pili briji ya daiodi nne, indakta na kapasita. Frikwensi ya transfoma 50 kHz. Kwanini sio 100 au 200? Inawezekana, kori inakuwa ndogo, lakini kwa fundi anayesuka kwa mkono 50 kHz inasamehe makosa mengi, na mosfeti za kawaida zinafanya kazi bila kulia. Ukishaiweza hii panda juu.

Hatua ya 1: andika hali mbaya zaidi, sio hali ya kawaida

Betri ya 48 V haikai 48. Ikiwa inachajiwa inafika 58 V, ikiwa imechoka inashuka 42 V. Hizi namba mbili zinafanya kazi tofauti na watu wanazichanganya: 58 V ndo inaamua mizunguko ya praimari (waya wa upande wa betri), kwa sababu volti kubwa ndo inashibisha kori, yaani inaijaza sumaku mpaka haibebi zaidi. 42 V ndo inaamua uwiano wa sekondari (waya wa upande wa 380 V), kwa sababu hapo ndo volti ya kutoka inaweza kukosekana. Na hiyohiyo 42 V ndo inaamua unene wa praimari, kwa sababu mkondo unakuwa mkubwa zaidi betri ikiwa chini.

Muda nao: 50 kHz maana yake mzunguko mmoja wa wimbi ni maikrosekunde 20, nusu yake 10, toa moja ya deditaimu ili mosfeti za juu na chini zisikutane, inabaki 9. Kwahiyo muda wa kuwaka kwa kila nusu ni maikrosekunde 9, au asilimia 90.

Hatua ya 2: kori

Nimechukua ETD59. Eneo la mguu wa kati ni 368 mm², ujazo kama 51.5 cm³, seti nzima ina uzito wa kama gramu 260. Ukilinganisha na transfoma ya 50 Hz ya nguvu hiyohiyo, ile inazidi kilo 10 bila shida. Mguu wa kati wa ETD ni wa duara, na hiyo ndo sababu kubwa ya mimi kuipenda, kwa sababu bati la shaba linaizunguka bila kukunjwa kwenye kona. EE55 na EE65 nazo zinafaa na zinapatikana kwenye mashine za kuchomelea za inveta zilizokufa, ila kona zao zinachana tepu, usilete haraka.

Aina ya ferraiti iwe ya nguvu: N87, 3C90, PC40, au za jamii hiyo. Hizi zinashiba kwenye kama 0.39 T zikiwa nyuzi 100, na zikiwa baridi zinafika karibu 0.5 T, usidanganywe na namba ya baridi. Zile ringi za njano na nyeupe za kwenye pawasaplai za kompyuta achana nazo kabisa kwa kazi hii, hizo ni unga wa chuma na kazi yake ni indakta ya kuchuja, ukiifanya transfoma ya 50 kHz itakaanga mayai.

Na hakikisha haina gepu (nafasi ya hewa). Kori nyingi za kutoka kwenye flaibeki (aina nyingine ya pawasaplai) zimechongwa mguu wa kati, weka nusu mbili pamoja, angalia kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita katikati hiyo sio yako.

Hatua ya 3: mizunguko ya praimari

Hesabu ni volti mara muda, gawanya kwa badiliko la flaksi (msongamano wa sumaku kwenye kori) mara eneo. Uzuri wake ni kwamba ukitumia volti, maikrosekunde, tesla na milimita za mraba, sifuri zote zinakatana zenyewe, huna haja ya kuhangaika na vipeo.

58 V × 9 µs = 522. Gawanya kwa 368 unapata 1.42. Hiyo ndo badiliko la flaksi ukiwa na mzunguko mmoja. Mizunguko 4 inakupa 0.355 T kutoka chini mpaka juu, yaani kilele ni 0.177 T kila upande. Mizunguko 5 inakupa kilele 0.142 T. Mizunguko 3 inakupa 0.236 T.

Tatu haishibi, ukiangalia ile 0.39, na kuna watu wataichagua kwa sababu hiyo. Mimi siichagui, kwa sababu kwenye 50 kHz kinachokubana ni joto la kori kabla hata ya kushiba, upotevu unapanda kwa kama kipeo cha 2.6 cha flaksi, kwahiyo kutoka 4 kwenda 3 joto la kori linazidi mara mbili. Kwa mizunguko 4 kwenye N87 napata kama 100 kW kwa mita ya ujazo, mara ujazo wa kori inakuja wati 5 na kitu, na hiyo ni kwa hali mbaya ya 58 V. Sawa. Inabaki 4.

Usiweke nusu mzunguko kwenye kori ya E, usijaribu hata kama hesabu imekupa 4.5. Nusu mzunguko unapita mguu mmoja wa pembeni tu, flaksi inagawanyika vibaya, indaktansi ya kuvuja (inayotokana na sumaku isiyofika upande wa pili) inapanda.

Hatua ya 4: sekondari

Chini kabisa ni 42 V, toa kama 1.5 V ya mosfeti na waya, inabaki 40.5. Upande wa kutoka tunataka 380, ongeza 3 ya daiodi, gawanya kwa 0.9 kwa sababu ya ule muda wa kuzima, unapata 425.6. Gawanya kwa 40.5 inakuja 10.5. Mara 4 ni mizunguko 42. Imeangukia vizuri, na 42 inagawanyika 21 na 21, hiyo tutaihitaji.

Sasa geuza: betri ikiwa 58 V sekondari inatoa 609 V kabla ya kuchujwa, na juu yake kuna mtikisiko wa kupiga kengele, yaani volti inaruka juu na chini kabla ya kutulia. Kwahiyo daiodi za 600 V zimekufa kabla hujawasha, chukua za 1200 V, za silikoni kabaidi kama mfuko unaruhusu.

Hatua ya 5: mikondo

Wati 2000 kwa ufanisi wa asilimia 94 ni kama 2130 W kutoka kwenye betri. Kwenye 42 V hiyo ni ampia 51 za wastani, kwa umbo la mawimbi yetu praimari inabeba kama 54 A rms (sawa na DC ya 54 A kwa kupasha joto). Sekondari 5.26 A wakati wa kuwaka, rms kama 5.0 A. Hakiki haraka: 5.26 mara 10.5 ni 55, inaendana na upande wa praimari. Kama haviendani kuna mahali umekosea, rudi.

Hatua ya 6: shaba, na hapa ndo tukae

Mkondo wa frikwensi ya juu haupendi katikati ya waya. Unakimbilia pembeni. Kina unachoingia, wenyewe wanakiita kina cha ngozi, kwenye 50 kHz shaba ikiwa na nyuzi 100 ni kama 0.34 mm. Kwenye 100 kHz ni 0.24 mm. Mpaka hapo wengi wanajua, wanasema sawa nitatumia waya mwembamba kuliko hapo, kazi imeisha.

Haijaisha. Kuna athari ya pili ambayo ni mbaya zaidi, ya ujirani. Kila safu ya waya inakaa ndani ya uga wa sumaku wa safu nyingine, na ule uga unazalisha mikondo ya kuzunguka ndani ya shaba hata kama ile shaba yenyewe haijabeba kitu. Safu zikipangana upande mmoja uga unajijumlisha: safu ya kwanza inaona kidogo, ya pili zaidi, ya tatu zaidi tena, na upotevu unaenda kwa mraba. Hesabu yake aliiweka Dowell mwaka 1966 na mpaka leo ndo inatumika.

Chukua praimari yetu ya mizunguko 4 ya bati, kila mzunguko ni safu moja. Kwa bati la 0.3 mm, mizunguko yote minne ikiwa imekaa upande mmoja na sekondari yote upande mwingine, ukinzani wa 50 kHz ni mara 2.03 ya ule wa DC. Sasa fundi anasema ngoja niongeze shaba, anaweka bati la 0.5 mm. Ukinzani wa DC unashuka mpaka asilimia 60, vizuri, lakini kizidisho kinaruka mpaka karibu 7.9! Mara 0.6 unapata 4.7. Yaani ameongeza shaba kwa theluthi mbili na joto la praimari limezidi mara mbili ya lilivyokuwa. Na kwenye multimita inaonekana safi kabisa, kwa sababu multimita inapima DC.

Sasa fanya kinyume, acha bati la 0.3 mm lakini igawe sekondari iwe mbili, nusu ndani nusu nje, praimari katikati. Uga unagawanyika, kila upande wa praimari unaona kama safu mbili tu badala ya nne. Kizidisho kinashuka mpaka 1.25. Linganisha 4.7 na 1.25: karibu mara nne, na shaba uliyotumia ni pungufu. Hii ndo hatua moja inayolipa kuliko zote humu, kama utasahau mengine basi hili la kuchanganya tabaka usilisahau.

Bei yake ni kapasitansi kati ya praimari na sekondari, inapanda kwa sababu sasa nyuso mbili zinaangaliana badala ya moja, kelele ya komoni modi (ya umeme unaovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili) itaongezeka kidogo. Kwa inveta hii naikubali hiyo bei bila kufikiri. Ila usilewe ukaanza kugawa mara nne mara sita, tepu inakula nafasi yote na kapasitansi inakuwa shida ya kweli.

Upana wa kusukia kwenye bobini (kiunzi cha plastiki cha kusukia) ya ETD59 ni kama 41 mm. Acha 3 mm kila upande kwa usalama (nakuja huko), inabaki 35 mm. Bati 35 × 0.3 mm ni 10.5 mm², kwa 54 A ni kama 5 A kwa kila mm², sawa. Mzunguko mmoja wa wastani una urefu wa kama 106 mm, kwahiyo minne ni 42.4 cm, ukinzani kama 0.94 mΩ ukiwa wa moto, mara 1.25, mara mkondo kwa mraba: wati 3.4.

Sekondari ya 5 A inataka kama 1 mm². Waya mmoja wa 1.1 mm unaingia vizuri na unavutia macho, lakini kizidisho chake kinapita 2 hata ukiwa safu moja. Tumia litzi, yaani waya wa nyuzi nyingi nyembamba zenye enameli kila moja: nyuzi 120 za 0.1 mm, au 30 za 0.2 mm, zote zinakupa 0.94 mm². Nje yake ni kama 1.5 mm na mfuniko wake, mizunguko 21 inachukua 31.5 mm, inaenea kwenye safu moja. Urefu wote mita 4.45, upotevu kama wati 3 hadi 3.5.

Litzi ya dukani ukikosa utaisuka mwenyewe kwa waya wa wasuka mota. Usichukue nyuzi 30 ukazifunga kwenye drili ukazizungusha kwa pamoja, kwa sababu za katikati zitabaki katikati mwanzo mpaka mwisho na mkondo utazikwepa. Ni kama ukili: kila mwaa unapita juu, chini, unarudi katikati, hakuna anayekaa sehemu moja. Kwahiyo sokota vifungu sita vya nyuzi tano tano kwanza, alafu visokote vile sita pamoja. Msokoto mmoja kila sentimita mbili tatu unatosha, ukikaza sana waya unakuwa mrefu bure.

Na kosa la kuunganisha matabaka sambamba. Mtu anasuka safu mbili za waya, moja ndani moja nje, anaziunganisha sambamba akitegemea kila moja ibebe nusu. Hazigawani sawa, zipo kwenye uga tofauti, zinaanza kuzungushiana mkondo zenyewe kwa zenyewe. Ndo maana nusu zetu mbili za sekondari nimeziweka kwa mfuatano, mkondo ni uleule, hakuna ugomvi wa kugawana.

Hatua ya 7: insuleshini

Upande wa betri mtu anaushika kwa mikono. Upande wa 380 V unaishia kwenye soketi ya 230 V. Kwahiyo kati ya praimari na sekondari unataka insuleshini ya nguvu, sio ya kubahatisha. Tabaka tatu za tepu ya polyesta (ile ya njano) kwenye kila mpaka, kanuni ni kwamba tabaka mbili zozote ziweze kuhimili mtihani peke yake. Pembeni jaza ile 3 mm kwa tepu nyembamba ya upana huo mpaka ilingane na kimo cha waya, ukiacha tupu waya utateleza kwenda ukingoni na njia ya cheche inakuwa fupi. Milimita 3 kila upande zinakupa jumla ya 6 kutoka waya mpaka waya kupitia ukingo wa tepu.

Kati ya mizunguko ya bati lenyewe tabaka moja la tepu linatosha, ni 10 hadi 15 V tu kwa mzunguko. Adui hapo sio volti, ni meno ya bati. Ukikata kwa mkasi ukingo unabaki na vinundu vinavyotoboa tepu, piga msasa, pitisha kidole, kama kinakwaruza rudia.

Hatua ya 8: kusuka sasa

Anza na nusu ya kwanza ya sekondari, mizunguko 21 ya litzi, safu moja, waya kwa waya bila kupandana. Mwanzo na mwisho utoke upande mmoja wa bobini, na kila waya unaotoka uvishwe mrija wake mpaka ndani ya ile 3 mm.

Tepu tatu.

Praimari: kata bati 35 mm kwa urefu wa kama 45 cm. Kabla hujasuka, chomea kwa risasi ncha ya kutolea kwenye kila mwisho wa bati, kipande cha shaba cha upana wa kama 12 mm, kilale kwa upana mzima wa bati ili mkondo uingie sawasawa. Vipande hivi viwe kwenye ubavu ulio wazi wa bobini, sio pale panapofunikwa na kori, la sivyo mwishoni kori haitafunga na utaanza kuibana kwa nguvu ivunjike. Zungusha mara nne pamoja na tepu yake, vuta kwa mkono mmoja ikaze, ukilegeza inavimba. Ncha mbili zitoke zikiwa zimelaliana, tepu katikati yake.

Hili la kulaliana sio urembo. Indaktansi ya kuvuja ya mpangilio huu, nikiihesabu upande wa praimari, ni kama nanohenri 27 tu. Waya wa kawaida ulionyooka una kama nanohenri 7 hadi 10 kwa kila sentimita. Yaani umesuka kwa ustadi wote, alafu unatoa ncha mbili za sentimita 5 zilizoachana, umeshaharibu mara mbili tatu ya kazi yote. Transfoma ikae kwenye bodi, karibu na mosfeti, kapasita za betri hapohapo. Nimeona inveta zenye transfoma nzuri imeunganishwa kwa waya mwekundu na mweusi kama zinaenda kwenye betri ya gari, sijui walitegemea nini.

Tepu tatu tena, alafu nusu ya pili ya sekondari, 21, kwa mwelekeo uleule wa ya kwanza. Mwisho wa nusu ya kwanza unaungana na mwanzo wa nusu ya pili. Funika kwa tepu.

Kimo chote ni kama 5 mm na bobini ina karibu 9, kwahiyo nafasi imebaki. Usishawishike kuijaza.

Kwenye litzi hakikisha kila uzi umeshika risasi. Enameli ya polyurethani inayeyuka kwenye chungu cha risasi cha nyuzi kama 400, za aina nyingine inabidi ukwangue. Hakiki kwa kupima: sekondari nzima ikiwa baridi iwe kama miliomu 83 kwa waya niliotaja. Ukipata 95 na urefu ni sahihi, kuna nyuzi zimeachwa nje.

Futa nyuso za kori kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, chembe moja ya vumbi ni gepu. Funga kwa klipu. Gundi pitisha kwa nje tu. Vanishi ipake baada ya vipimo vya hatua inayofuata, sio kabla, ukishapaka hakuna kurekebisha.

Hatua ya 9: vipimo bila umeme

Mita ya LCR (inayopima indaktansi), weka 10 kHz au 100 kHz. Kila nusu ya sekondari isome karibu 2.3 mH. Zikiunganishwa kwa mfuatano isome karibu 9.3 mH, yaani mara nne, sio mara mbili. Ukiona maikrohenri chache umegeuza nusu moja, badilisha ncha. Praimari isome karibu 85 µH. Ferraiti inacheza sana, asilimia 20 chini au 30 juu ni kawaida, ila uwiano wa sekondari kwa praimari usicheze: uwe karibu 110, ambayo ni 10.5 kwa mraba. Zote zikiwa chini sana kwa pamoja, kori haijafunga.

Indaktansi ya kuvuja usiipime upande wa praimari, ni ndogo mno, mita itapima waya zake yenyewe. Piga shoti ncha mbili za praimari kwa kipande kipana cha shaba kilichochomewa, pima sekondari. Tegemea kama 3 µH na kidogo. Ukipata 10 au zaidi, kuna tabaka limekaa vibaya au ile shoti yako ni ndefu.

Mwisho mega (mita ya kupimia insuleshini) ya 1000 V kati ya praimari na sekondari, alafu kati ya kila moja na kori. Hiyo inakamata tepu iliyotoboka. Kwa kitu unachotaka kumuuzia mtu haitoshi, kuna kipimo cha 3000 V AC kwa dakika moja, tafuta mahali penye mashine hiyo. Ukishapita hapo chovya kwenye vanishi, ikaushe kwa joto la nyuzi 80 hadi 100.

Hatua ya 10: kuwasha

Kabla ya chochote, weka rezista ya kumwaga chaji kwenye kapasita za 380 V na upime kwa mita kila unapotaka kugusa. 380 V DC inaua, na haitoi onyo.

Anza na pawasaplai yenye kikomo cha mkondo, sio betri, betri ya 48 V haina huruma. Anza 20 V, hamna mzigo. Weka probu ya mkondo kwenye praimari uangalie kwenye osiloskopu: unataka pembetatu yenye mistari iliyonyooka. Panda taratibu. Ukifika 58 V ile pembetatu iwe kama 6 A kutoka chini mpaka juu. Ukiona mwishoni mstari unapinda kwenda juu kama ndoano, kori inashiba, zima. Ndoano ikiwa upande mmoja tu, tatizo sio mizunguko, ni mosfeti kutowaka muda sawa na flaksi inatembea upande mmoja. Dawa ni kontrola ya aina ya mkondo wa kilele, inayokata kila nusu kwa mkondo uleule. Kapasita ya mfuatano nayo inatibu lakini kwa 54 A itakuwa kubwa na ghali.

Alafu angalia volti kwenye daiodi. Utaona mtikisiko wa megahezi kadhaa, hiyo ni indaktansi ya kuvuja ikicheza na kapasitansi ya daiodi. Wengi hapo wanabandika rezista na kapasita. Hesabu kwanza: 680 pF baada ya briji, 609 V, mara 100,000 kwa sekunde, ni wati 25 za joto bure, zaidi ya mara mbili ya upotevu wa transfoma nzima. Bora klampu ya daiodi na kapasita inayorudisha ile nishati kwenye 380 V, na bora zaidi ni kufupisha njia.

Mzigo weka kwa vipande, wati 500, subiri, 1000, subiri. Upotevu wote tumehesabu kama wati 12, na ETD59 inapanda kama nyuzi 4 hadi 5 kwa kila wati bila feni, kwahiyo tegemea nyuzi 50 hadi 60 juu ya joto la chumba. Kwa Dar mwezi wa pili hiyo ni zaidi ya 85 kwenye boksi lililofungwa, weka feni. Upotevu wa ferraiti hizi unakuwa mdogo kuliko wote zikiwa kati ya nyuzi 80 na 100, ukipita hapo upotevu unaanza kupanda na joto, joto linapandisha upotevu, na inakimbia yenyewe. Thamokapo ichomeke ndani kati ya shaba na mguu wa kati, ile kamera ya joto inakuonyesha ngozi ya nje tu.

Ukitaka kilowati 4 usitafute kori kubwa zaidi na bati nene zaidi, unajua sasa bati nene linakupeleka wapi. Suka mbili kama hii, kila moja 4 kwa 21, praimari zote mbili sambamba, sekondari zote mbili kwa mfuatano. Sekondari zikiwa kwenye mfuatano zinabeba mkondo mmoja kwa lazima, kwahiyo praimari zinagawana nusu kwa nusu bila kubembelezwa, 54 A kila moja, na joto linatawanyika sehemu mbili. Litzi ya sekondari tu ndo iongezwe iwe 2 mm², kwa sababu sasa ni ampia 10. Itakaa kwenye safu mbili za 10 na 11 zikigawanywa ndani na nje kama mwanzo, kila mzunguko una nafasi ya zaidi ya 3 mm kwahiyo inaenea bila shida.